Hatukumwuliza Mwenye Jina

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, uliyeacha mapumziko yako ukakubali kuketi juu ya benchi ambalo juzi tu lilikuwa bado linapigwa randa, waheshimiwa wazee wetu, mliokaa mstari wa mbele kwa haki ya umri na si kwa haki ya kuwahi, wajomba zangu na mama zangu wadogo, kaka yangu, fundi seremala, mwenye karakana hii, wifi yangu mpendwa, mwalimu wa chekechea, ambaye leo anashangaa kuona watu wengi namna hii wamekaa kimya bila kuahidiwa pipi, wanafunzi wenzangu mliosafiri tangu alfajiri, majirani zetu, ndugu wageni waalikwa.

Na wewe, mgeni rasmi, ambaye umelala.

Yupo mtu mmoja ambaye kwa itifaki alistahili kutajwa kabla ya wote, nami sikumtaja. Ni bibi yetu, mama mzazi wa marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima mnamwita Mama Pasi. Ameketi pale dirishani, kwenye kiti chenye mto. Jana aliniambia, nanukuu: "Usianze na mimi. Ukianza na mimi wote watanigeukia kabla sijakaa vizuri." Bibi, natumaini sasa umekaa vizuri, maana sehemu kubwa ya maneno yangu inakuja kwako.

Nimeombwa na familia niseme kwa niaba yao siku hii ya kumpa mtoto jina. Kaka yangu alinichagua kwa maneno machache: "Kelele ndiyo kazi yako, na siku hiyo tutazihitaji." Hakukosea. Chuoni nimehutubia nikiwa juu ya meza, nikiwa juu ya ngazi, na mara moja nikiwa juu ya pipa la takataka lililopinduliwa, tulipodai maji katika mabweni. Sikutetemeka hata siku moja. Leo nimesimama juu ya sakafu iliyofagiwa, mbele ya watu walionibeba mgongoni, na hotuba hii nimeiandika upya mara tatu. Kwa nini? Kwa sababu chuoni nilikuwa nadai kilicho chetu. Leo nimesimama kukabidhi kilichokuwa cha mtu mwingine.

Ndugu wageni waalikwa, wengi wenu mmesikia habari ya kampeni ambayo mimi na wenzangu tuliianzisha, tukaiita Rudisheni Majina. Hoja yetu ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuijibu. Tuliuliza: ni kwa nini tunawapa watoto wetu majina ambayo baba hajui maana yake, mama hajui maana yake, na hata aliyeyatunga kwa ajili ya tamthilia ya televisheni hakujali kuyapa maana? Darasani kwa wifi yangu wamo watoto wanne wa jina moja, jina linalong'aa kama karatasi ya pipi na lililo tupu kama karatasi hiyo pipi ikishaliwa. Mwalimu wao huwatofautisha kwa mikoba: wewe wa mkoba mwekundu, wewe wa mkoba wa zipu mbovu. Je, hilo ndilo jina tulilowapa? Au tumewapa rangi ya mkoba?

Tukasema turudi kwenye majina ya bibi zetu. Subira, aliyengojwa mpaka watu wakaacha kuuliza. Sikudhani, aliyekuja mama akiwa amekwisha kukata tamaa. Chausiku, ambaye saa ya kuzaliwa kwake imo ndani ya jina lake. Riziki, Vumilia, Masumbuko, Faraja. Tukasema, na leo nasema tena bila kurudi nyuma, kwamba wanawake wale hawakuwa na gazeti wala jukwaa wala kipaza sauti, lakini waliyokuwa nayo moyoni waliyachapisha juu ya watoto wao, yakasomwa kila asubuhi mtoto alipoitwa kunywa uji. Kampeni ikawaka. Majina ya kale yakaonekana kwenye fulana, kwenye vikombe vya chai, kwenye milango ya mabweni. Wazazi vijana wakaanza kuyatafuta kwenye simu zao. Moto tuliuwasha wenyewe, na moto ukiwaka vizuri aliyeuwasha husahau kuuliza ni kuni za nani.

Sasa nije nyumbani.

Wifi yangu alipokuwa mjamzito, tulikaa jioni moja jikoni kwao, yeye ameloweka miguu kwenye beseni, kaka anachonga penseli kwa patasi kama kawaida yake, mimi nimesimama, kwa maana hoja haziniteremki nikikaa.

"Mtoto huyu apewe jina la zamani," nikasema.

"La zamani kiasi gani?" kaka akauliza. "Hata hili langu nimelitumia sana, lishachakaa."

Wifi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wifi, mwanangu si mkutano wa hadhara," akasema. "Usimfanye bango."

Nikamjibu: "Basi tusimpe bango. Tumpe jina la Bibi."

Bibi analo jina, hilo tulilijua, lakini tulilijua kama mtu anavyojua kwamba nyumbani kwao kuna chumba kisichofunguliwa. Tulilisikia utotoni kwa mzee mmoja aliyekuja kumsalimu, akalitaja mlangoni, na Bibi akamjibu haraka haraka kana kwamba anafunika chungu. Jina lenyewe ni Tabu.

Msishtuke. Nalitaja kwa ruhusa yake, na jinsi ruhusa hiyo ilivyopatikana ndiyo habari nitakayowaeleza.

Tukafungua simu. Ukurasa mmoja wa majina ya kale na maana zake ukatuambia: Tabu, shida au mashaka; hupewa mtoto aliyezaliwa wakati mgumu. Mstari mmoja tu, na sisi watu watatu wenye akili timamu tukaridhika nao. Nikasema kwa sauti yangu ya jukwaani kwamba kulibeba jina la shida kwa fahari ndiko kuishinda shida. Maneno mazuri. Wifi alitokwa na machozi, kaka akaiweka penseli chini, tukakubaliana. Tukakubaliana pia iwe siri, ili Bibi afurahi ghafla.

Chumba cha Bibi kiko ng'ambo ya ua. Kutoka jikoni unaona taa yake. Unasikia pasi yake ikigonga ukingo wa meza. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeinuka, akavaa ndala, akavuka ua, akagonga mlango na kuuliza. Tulimwuliza mtu asiyemjua, aliyeandika ukurasa katika simu. Hatukumwuliza mwenye jina.

Kaka akatengeneza kitanda cha mtoto. Nyote mnaijua kazi yake. Milango mnayofunga usiku mmetengenezewa na yeye. Alichagua ubao mgumu mwekundu kwa upande wa kichwani, akaichimba ile T, akaichimba A, akaichimba B na U, akachimba kwenda chini kabisa, kwa maana, alivyoniambia, jina la bibi haliandikwi juujuu. Akakipaka vanishi. Na kwa kuwa vanishi hutaka upepo, akakiweka kitanda kikauke hapo mlangoni, usoni mwa njia.

Waliopita wakasoma. Mmoja wao yumo humu ndani. Sitamtaja, yeye na mimi tunajuana. Alisimama akasema, "Fundi, hicho kitanda cha tabu, nani atakubali kulala?" Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, kwa kuwa mteja akicheka fundi hucheka. Mwingine akauliza, "Kwani Tabu ni nani?" Na mwingine, mwenye umri wa kukumbuka, akajibu, "Si huyo Mama Pasi? Ndilo jina lake hasa." Hivyo ndivyo jina ambalo mwanamke mmoja alilificha kwa umri wote wa utu uzima wake lilivyotoka kwenda mtaani, likiwa limepakwa vanishi.

Bibi alifika akiwa amebeba aproni ya kaka. Ni aproni ya kazi, ya gundi na vumbi la mbao, lakini kwa Bibi hakuna nguo inayotoka chumbani mwake ikiwa na mikunjo. Akasimama mbele ya kitanda. Akaingiza kidole ndani ya herufi ya kwanza, akakipitisha mpaka ya mwisho.

"Kitanda cha nani hiki?"

"Cha kitukuu wako, Bibi," kaka akasema, uso umejaa furaha. "Tumempa jina lako."

"Mmempa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mmempa la kwangu, na mimi bado nimo ndani yake?"

Bibi akaikunjua ile aproni, akaitandaza juu ya ubao wa kichwani, herufi zikafunikwa, akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga karakana. Nguo za kaka zilipelekwa mlangoni zikiwa zimepigwa pasi na kukunjwa kama kawaida, lakini mpelekaji hakuwa yeye. Mnaomjua Bibi mnaelewa adhabu hiyo. Wapo watu wakikasirika huvunja sahani. Bibi akikasirika hukunja nguo vizuri zaidi.

Kaka akanipigia simu chuoni. "Njoo," akasema. "Hili ni la kwako, wewe mwenye hoja."

Nikaja, na hoja zangu nimezipanga. Nikaingia chumba cha pasi. Wale ambao hamjawahi kuingia, ni chumba chenye meza moja ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, bakuli la maji ya kunyunyizia, na harufu ya kitambaa cha moto ambayo mimi mpaka leo nikiisikia popote hudhani nimefika nyumbani. Bibi alifanya kazi ya dobi hospitalini mpaka akastaafu, na alipostaafu akaendelea kuwapigia majirani, kwa kuwa mikono, asema, haina pensheni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na hotuba?"

"Nimekuja kukuona."

"Macho hayo si ya kuniona, hayo ni ya kunishinda. Haya, shika ncha za shuka hili. Hotuba utatoa tukiwa tunakunja."

Nikashika upande wangu, akashika upande wake. Mnajua jinsi shuka linavyokunjwa na watu wawili: mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena.

"Bibi," nikasema, "jina lako ni historia."

"Ya nani?"

"Yetu sote."

"Nyie mlikuwepo?"

Nikanyamaza. Wenzangu wa chuo mnaweza kushuhudia kwamba jambo hilo si la kawaida.

"Mama alinizaa mwaka aliokimbiwa na baba," Bibi akasema. "Hakuwa na pa kumshtaki. Akaniita Tabu, ili kila atakayeniita amkumbushe baba alichofanya. Sasa, baba hakurudi kulisikia. Aliyelisikia ni mimi. Vuta vizuri, shuka linalegea."

Nikavuta. Akaendelea kunieleza, bila kupandisha sauti. Shuleni mwalimu alipoita, "Tabu yupo?", darasa zima lilijibu, "Yupo kila siku!" Alipoolewa, mama mkwe aliwaambia wageni, "Tumeposa mke, tumeletewa tabu." Nikamwuliza kama aliumia. "Nilicheka," akasema. "Mjukuu wangu, mtu hucheka ili asiwe wa mwisho kucheka. Hayo siyo niliyoyabeba."

Tulikutana katikati, akaniwekea ncha zake mkononi, lakini hakuziachia.

"Kabla ya baba yenu nilizaa mtoto wa kike."

Ndugu wageni waalikwa, sisi wajukuu hatukulijua hilo. Baba yetu alikufa bila kulijua.

"Hakufika siku ya kupewa jina," akasema. "Homa ilimchukua mapema. Tulipokwenda kumzika wakawa wanasema 'kichanga', kichanga kishushwe, kichanga kielekezwe huku. Na jirani yangu mmoja, si mtu mbaya, alinipikia siku zote zile, akamwinamia mwenzake nami nasikia. Akasema: 'Mwana wa Tabu, mlitegemea nini?'"

Naomba mniruhusu nisimame hapo kidogo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wazee, mimi ni mtu wa hasira, na sioni haya. Nilitaka kumtafuta mwanamke yule. Lakini amekwisha kufa, na Bibi alimlilia. Nami nikabaki na hasira yangu mkononi kama mtu aliyebeba sufuria ya moto na hajui pa kuitua. Nikajiuliza: nani alimkosea bibi yangu? Ni mama yake, ambaye alikuwa na shauri la haki na hakuna aliyekubali kulisikiliza, akaliandika juu ya kitu pekee alichokuwa nacho? Ni yule mwalimu, aliyeona darasa likicheka na yeye akatabasamu? Ni jirani, ambaye mkono wake ulikuwa unapika na ulimi wake unachoma, kwa wakati uleule? Au ni sisi, tuliokuja na mapenzi, na patasi, na vanishi, tukamrudishia alichokizika?

Jirani yule hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Angekuwa mbaya, ningewaambia mjihadhari na watu wabaya, nikaketi. Lakini maneno yale yalisemwa na mtu mwema, na mwaka huu, mlangoni hapo, yakasemwa tena na watu wema. Nawaomba mliocheka mjue mlichokicheka. Sidai mniombe radhi mimi. Kiti chenye mto kiko pale.

Nirudi chumbani. Bibi akaniambia kwamba tangu siku ya mazishi alikata shauri jina lile lisimguse mtoto mwingine. Alipoanza kazi ya dobi wakamwuliza anaitwa nani, akajibu, "Niiteni mnavyotaka," wakamwita Mama Pasi. Wanawe wawili wa kiume waliofuata walipewa majina na upande wa mume wake, yeye hakutia neno.

Nikauliza swali moja zaidi, nalo halikuwa hoja: "Bibi, ulikuwa umemchagulia jina, yule wa kike?"

"Nilikuwa nalo."

"Lipi?"

Akaliweka shuka juu ya marundo mengine, akalipapasa mpaka likalala. "Nguo zake niligawa zote," akasema. "Jina sikupata wa kumpa." Kisha akaichukua pasi, na nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Nikamweleza kaka. Akaufungua ubao ule kitandani, akaubana mezani, akaanza kuupiga randa. Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Fundi yeyote atawaambia nilivyokuwa mjinga: herufi ukishazichimba, huzifuti. Unaupunguza ubao wote, kutoka pembe mpaka pembe, mpaka ufike chini yao. Kaka alirandua mpaka vumbi jekundu likamjaa kwenye nyusi. Mkitazama kitanda hicho, kile kilichofunikwa shuka pale kati, mtaona upande wa kichwani umekuwa mwembamba kuliko wa miguuni. Wateja wamemwambia abadilishe ubao. Amekataa, na ninamsifu kwa kukataa. Kosa letu lina unene wake, na unene huo umepungua palepale lilipofanyika.

Mtoto akazaliwa. Ni wa kike, kama mnavyomwona, na ana mapafu ya familia yetu. Akakaa bila jina. Majirani wakaleta majina kama watu wanavyoleta vyombo: hili zuri, hili la kisasa, hili la mwimbaji fulani. Mimi nilikuwa na majina ya kale chungu nzima, lakini ulimi wangu ulikuwa umepata adabu. Siku moja mchana wifi yangu akamfunga mtoto kwenye kanga, akavaa ndala, akaanza kuvuka ua. Nikamfuata. Nikamwuliza anakwenda kusema nini. "Wewe leo nibebee taulo tu," akanijibu.

"Hodi, Bibi."

"Karibuni. Msimwingize kwenye joto la pasi."

Wifi akasimama palepale kizingitini. "Bibi," akasema, "mtoto wetu hana jina. Sikuja kuomba lako. Nimekuja kuomba la mwanao."

Waheshimiwa, nimesoma vitabu vya ufasaha. Nimefanya mtihani juu ya ufasaha, nikafaulu. Sijawahi kusikia sentensi iliyonyooka kama ile. Mimi nilikwenda kwa Bibi na historia, na utamaduni, na taifa zima. Mwalimu wa chekechea akaenda na mtoto mmoja kwa ajili ya mtoto mmoja. Nilikuwa nimebeba taulo, na hiyo ndiyo nafasi niliyoistahili.

Bibi akachomoa waya wa pasi ukutani. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona akiacha nguo ikiwa nusu, na shati la mtu likabaki pale mezani, mkono mmoja umenyooka na mwingine una mikunjo. Akajifuta mikono, akampokea mtoto, akaketi. Akaliinamia sikio lake. Tuliona midomo ikisogea.

Wifi akangoja, kisha akauliza kwa upole, "Bibi, mimi naruhusiwa kusikia?"

Bibi akainua uso. "Mama asiposikia," akasema, "nani atamwita?"

Tukaambiwa. Nami nikapewa kazi hii ya leo, pamoja na amri ambayo nimeitekeleza mbele yenu. "La mtoto litaje kwa sauti," Bibi aliniambia. "Na langu pia litaje. Walikwisha kulisoma mlangoni wakaenda nalo vichochoroni. Afadhali walisikie kwa mtu wa damu yangu, mchana, watu wamekaa." Kisha akaongeza, ili nisijivune: "Na usipige meza."

Sijapiga meza, Bibi.

Wenzangu wa chuo, najua swali lenu, maana hata mimi nilijiuliza njiani. Je, nimeacha kampeni? Sijaiacha. Majina ya bibi zetu yarudi. Nitalisema hilo hata juu ya pipa. Lakini tulikuwa tunayaokota kama watu wanavyookota kiti cha zamani: tunakisugua msasa, tunakipaka vanishi, tunakiweka sebuleni wageni wakisifie, na hatuulizi nani alikalia kiti kile na aliinukaje. Jina la kale si samani. Maana yake haiko katika mstari mmoja wa simu. Iko ndani ya mtu aliyeitwa nalo, na mara nyingi mtu huyo yu hai, na taa yake inawaka ng'ambo ya ua. Kabla hujalichukua, vaa ndala. Vuka. Bisha hodi. Na akikukatalia, kukataa kwake nako ni historia, nawe ukuheshimu vilevile.

Ndugu wageni waalikwa, sasa nataja jina. Nawaomba msipige makofi, kwa sababu mtoto amelala, na kwa sababu ninataka Bibi alisikie likiwa peke yake.

Mtoto huyu anaitwa Tunu.

Wenye simu watawaambia tunu ni kitu adimu, kitu cha thamani anachopewa mtu kwa heshima. Ni kweli. Mwakani, Mungu akipenda, mimi na wenzangu tutatunukiwa shahada, na neno ni hilohilo. Lakini katika nyumba hii maana yake ni nyingine, na ningependa mtoto akikua akiuliza mumjibu hivi: Tunu ni kile ambacho mama alibaki nacho alipokuwa amegawa vyote, akakitunza kikiwa safi, bila mkunjo, mpaka akaja mtu wa kukiomba kwa adabu.

Na hapa nasema jambo ambalo halimo katika niliyotumwa, Bibi atanisamehe. Leo hatukumpa jina mtoto mmoja. Tumewapa wawili. Mmoja amelala mapajani mwa mama yake. Mwingine amelala mahali ambapo katika mkutano huu wote ni mtu mmoja tu anapajua, na tangu leo hataitwa kichanga tena. Alikuwa na jina. Limechelewa kutamkwa, basi.

Kwa niaba ya familia nakushukuru, Mheshimiwa Mwenyekiti, uliyevumilia benchi lisilo na mto. Nawashukuru wazee kwa kutunyamazia pale ambapo mngeweza kutukemea. Namshukuru wifi yangu kwa sentensi moja, na kaka kwa ubao mwembamba. Bibi, wewe sikushukuru kwa maneno, maana maneno yangu umekwisha kuyapima ukaona yanavyolegea.

Kwenye sherehe nyingine, saa kama hii, mheshimiwa hukata utepe. Sisi hatuna utepe. Kaka, ondoa shuka. Mnaona wenyewe: ubao wa kichwani ni mtupu. Fundi hakutaka kuchimba tena jina lolote kabla ya mwenye jina kuweka mkono wake. Herufi ya kwanza imechorwa kwa penseli tu. Mpe Bibi patasi, mpe na nyundo. Mwenyekiti, msaidie ainuke. Hapana, mwache, ameinuka mwenyewe.

Asanteni kwa masikio yenu. Mimi nimemaliza, sasa tuisikilize nyundo.